Kisu cha sampo au kisu cha kawaida chenye boksi: hela ya korosho uiweke wapi?

Shemeji yangu wa Lindi, huyu anayemfuata mke wangu kuzaliwa, alinipigia juzi saa nne usiku, na shem akipiga saa nne ujue ama kuna msiba ama hela imeingia. Hela ilikuwa imeingia. Mnada wa korosho umelipa, meseji imesoma kwenye simu, na badala ya kununua bati kama watu wenye akili zao yeye anataka kisu. Na sio kisu cha kukatia nyama, anataka cha kuweka, cha kukusanya, na kosa ni langu mimi maana ndio niliyemwambukiza huu ugonjwa siku alipokuja hapa Mtwara akanikuta nimetandaza vyangu juu ya kanga navipaka mafuta ya cherehani kimoja kimoja.

"Shem, nimepata viwili, hela inatosha kimoja, nichagulie."

Kanitumia picha. Cha kwanza ni cha kukunja, mpini wa bati jepesi la kijivu, chapa ya kampuni kubwa ya Marekani ambayo jina naliacha kwa sababu utakayoiona mbele, na chini ya chapa kumeandikwa PROTO, yaani eti ni prototaipu, sampo ya majaribio. Boksi hamna, karatasi hamna. Muuzaji anasema alipewa na bosi wake mzungu enzi za gesi, ile 2012, 2013, Mtwara ilipojaa wageni mpaka chumba cha kulala Shangani unakitafuta kwa tochi, na bosi alimwambia eti hiki kiko kimoja tu duniani. Anataka laki nane. Cha pili ni Buck 110, ile ya mbao na shaba ambayo hata usiyejua visu ukiiona unaijua, boksi limechakaa pembeni, ala ya ngozi ipo, kilikuwa cha mzee mmoja mstaafu kule Masasi. Laki mbili na nusu.

Sasa swali la shem ni moja tu, hilo neno PROTO linaongeza thamani au haliongezi? Jibu fupi nilimpa palepale: linaongeza kama linaweza kuthibitishwa, na kama kisu kilichokuja baada yake watu wanakililia. Yakikosekana hayo mawili, hapo umenunua herufi tano. Jibu refu ndio hili naliandika maana naona shem sio peke yake.

Tuanze na prototaipu yenyewe ni nini, kwa sababu wengi wanadhani ni kisu cha kwanza na cha pekee. Kampuni kabla haijatoa maelfu lazima itengeneze kichache cha kujaribu, kufuli inakamata vizuri, bapa linakaa katikati likikunjwa, mpini unashikika, klipu haichani mfuko. Hicho cha majaribio ndio sampo. Kinaweza kuwa kimoja, vinaweza kuwa kumi na zaidi, vingine wanapewa watu wa mauzo wakavionyeshe, vingine wanapewa watumiaji wakavitese porini warudishe majibu. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni prototaipu kwa hiyo kiko kimoja", huyo ama hajui ama anajua sana.

Kwa wahunzi wetu huku sampo haina hata jina. Babu yake shem alikuwa mgema upande wa Kitunda, unavuka na kivuko kutoka Lindi mjini, na aliwahi kunihadithia alivyokwenda kwa mhunzi kuagiza kotama, kile kisu cha kugemea. Ya kwanza ikatoka imepinda kupita kiasi, babu akaishika, akaigeuza, akaipitisha hewani kama anakata kilele cha mnazi, akaikataa. Mhunzi hakusema neno, akairudisha kwenye makaa, mvukuto ukapulizwa, chuma kilekile kikagongwa upya kikawa kotama nyingine, na hiyo ndio babu alipanda nayo minazi miaka yote. Sampo ilikufa ndani ya kisu kilichoizaa. Hata viwandani hali ni hiyohiyo, sampo nyingi zinavunjwa au zinatupwa, na zile chache zilizopona ndio zinaleta haya mabishano ya bei.

Sasa hata zilizopona hazilingani. Weka mbili mezani. Moja katengeneza mbunifu mwenyewe kwa mikono yake, kabla kampuni haijauchukua muundo wake ikaupeleka kiwandani. Nyingine katoa kiwanda, mashine zilezile, labda skrubu tofauti na chuma tofauti kidogo. Zote zinaitwa prototaipu lakini ya kwanza ni mama na ya pili ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mfano wa hadithi ya kwanza ni Ernest Emerson, huyu alikuwa anatengeneza visu vya kukunja kwa mkono, baadaye kampuni ya Benchmade wakachukua muundo wake wa CQC7 wakautoa kiwandani miaka ya 1990. Au Ken Onion aliyebuni kwa ajili ya kampuni ya Kershaw, kile kisu chao cha Leek ni kazi yake. Ukishika kisu kilichotoka mezani kwa mbunifu wa namna hiyo na maelezo yake yapo, hapo umeshika kazi ya mkono ya mtu mwenye jina PLUS historia ya kisu kilichouzwa dunia nzima. Ukishika sampo ya kiwanda umeshika kisu cha kiwanda chenye hadithi. Inaweza kuwa hadithi nzuri tu, ila mkono wa mtu ni kitu kingine, na hela inafuata huko.

Halafu kuna huu ulinganisho mwingine ambao kwangu ndio wenye nyama. Sampo ya kisu kilichokuja kupata umaarufu, na sampo ya kisu ambacho hakikuzaliwa kabisa, yaani kampuni ilijaribu ikaona hailipi ikaacha. Kwa akili ya haraka unasema hicho ambacho hakikuzaliwa ndio adimu zaidi, kwa hiyo ndio ghali zaidi. Hapana aisee. Uadimu bila wanaokitamani ni upweke tu. Kisu ambacho hakikutoka hakina mtu aliyekua nacho, hakuna aliyekiona kwa baba yake akakililia, hakuna aliyekipoteza mtoni akakitafuta miaka ishirini. Ile sampo ya kisu maarufu ina maelfu ya watu ambao tayari wana "mtoto" wake nyumbani na wanamtaka mama. Kinachoweza kuokoa hicho kingine ni jina la mtengenezaji tu, kama ni mtu ambaye wakusanyaji wananunua hata kipande cha chuma alichokipiga teke, basi kitauzika.

Huku kwetu hili halihitaji kufundishwa. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani kwenye uchongaji wa Kimakonde miaka ya 1950. Kile kinyago cha kwanza kabisa, siku kilipotoka, thamani yake ilikuwa ya kinyago chochote, pengine kidogo zaidi kwa sababu kilikuwa cha ajabu. Kilichokipa uzito ni mamia ya wachongaji waliofuata njia hiyo. Leo mtu akija na gogo la mpingo lenye jicho moja na miguu ya mbuzi akasema ndio lile la kwanza, swali la kwanza la kila mtu litakuwa, nani kakwambia? Hapo ndipo penye bei yote.

Na kweli hapo ndipo penye bei yote, ushahidi. Kisu cha kawaida cha kampuni zinazojiheshimu kinajieleza chenyewe, hakihitaji hadithi ya bosi. Case wa kule Bradford, Pennsylvania, mwaka 1970 waliweka nukta kumi chini ya chapa na kila mwaka wakawa wanatoa moja, kwa hiyo kisu cha miaka hiyo ukihesabu nukta unajua mwaka wake, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Buck wenyewe tangu 1986 wana alama ndogo kwenye shina la bapa inayotaja mwaka, na hiyo 110 ya shem ninachomwambia atume ni picha ya hapo karibu, afute vumbi, alama iko jirani na namba. Chris Reeve, Mwafrika Kusini aliyehamia Idaho 1989, kisu chake cha Sebenza kinakuja na kadi ya kuzaliwa, kadi kabisa, na hilo neno sebenza ni Kizulu maana yake kazi, ndugu zetu Wabantu, nikisikia Wamarekani wanalitamka huwa nacheka. Sasa angalia kejeli ilipo, kisu cha kawaida ambacho viko maelfu kina cheti cha kuzaliwa, na hicho kinachojiita cha pekee duniani kina mdomo wa muuzaji.

Ushahidi wa sampo unaoeleweka ni barua au maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, picha ya zamani kisu kikiwa mkononi mwake au mezani kwenye maonyesho kama ya Blade Show ya Atlanta, risiti ya mauzo ya kwanza, na mlolongo wa waliokishika mpaka kikafika kwako. Watengenezaji wengi bado wako hai na wanajibu wakiandikiwa, unapiga picha pande zote mbili unauliza kistaarabu, hiki kilitoka kwenu? Wakikubali hata kwa mistari miwili, ile mistari miwili ni mali, ichapishe uiweke na kisu. Wakikaa kimya basi bei ni ya kisu cha kawaida, haijalishi muuzaji anaapa kwa nini.

Kwa nini nakazia hivi? Kwa sababu nilishapigwa. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kwa jamaa mmoja wa Dar kisu cha kukunja kimechorwa PROTOTYPE 1/1, maandishi yamenyooka, mazuri, moyo ukaniruka, nikatuma hela kwa simu hata sijamalizia chai. Nilikaa nacho kwa majivuno kama mwaka mzima. Siku moja mshkaji wangu tunayebadilishana naye picha akanirushia kisu alichopata, kampuni ileile, mpini uleule, kimechorwa PROTOTYPE 1/1. Moja ya moja ya pili! Tukavilinganisha kwa video, hata ile nafasi kati ya herufi ilikuwa sawasawa, mtu ana mashine ya leza mahali anawachorea watu hadithi. Nilikuwa nimelipa karibu mara tatu ya bei ya kisu chenyewe. Jamaa hapokei simu mpaka leo.

Tangu hapo najifunza kuangalia herufi. Chapa ya kugongwa kwa nyundo inapigwa chuma kikiwa bado laini, kabla hakijatiwa moto na kuzimwa kwenye mafuta, na ukiikodolea kwa lenzi unaona ukingo wa herufi umeinuka kidogo au umesuguliwa pamoja na bapa zima, mikwaruzo ya msasa inapita juu ya herufi na kuendelea. Mtu akijaribu kugonga herufi kwenye bapa ambalo limeshakuwa gumu, herufi zinatoka hafifu, zinaruka, nyingine nusu, na bapa linaweza hata kupata ufa. Leza na asidi vyenyewe vinaandika juu ya chuma kigumu bila shida, na mikwaruzo ya zamani ya matumizi inakatika ghafla pale herufi ilipo, dalili kwamba herufi ilikuja baada ya mikwaruzo. Tatizo, na hili niseme ukweli, sampo halali nyingi nazo zimeandikwa kwa leza au kwa kalamu ya umeme kwa mkono, mbaya kama mwandiko wa daktari. Kwa hiyo herufi inaweza kukuonyesha uongo lakini haiwezi kukuhakikishia ukweli. Ndio maana nimeanza na karatasi.

Kwenye picha ya shem mimi nilivuta mpaka ikavunjikavunjika, kuna mkwaruzo mmoja mrefu unatoka karibu na ncha unakuja mpaka chini, unafika kwenye herufi T unapotea, unatokea upande wa pili wa O. Sisemi kitu. Nasema tu unapotea. Na ndio sababu jina la kampuni nimeliacha, wao hawajakosea chochote.

Turudi kwenye kulinganisha. Ukiacha sampo na kisu cha kawaida kuna cha katikati ambacho watu wanakiruka, kile cha toleo la kwanza. Yaani kampuni imemaliza majaribio, imeanza kutoa, na vile vya mwanzo vinawekewa alama au namba, Benchmade wanaandika kabisa First Production. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida mimi naona hapa ndio patamu, unapata umwanzo, unapata namba ambayo kampuni inaitambua, na unapata kisu ambacho kimekamilika. Angalia hata vile vya vita vya Uingereza, jambia la Fairbairn na Sykes lililotengenezwa na Wilkinson Sword kuanzia 1941. Toleo la kwanza kikingio chake cha mkono kimepinda kama herufi S, la pili la 1942 kikingio kimenyooka, la tatu lina mpini wa miduara miduara na ndilo lililotolewa kwa wingi. Wakusanyaji wanagombania la kwanza, na bei inaonyesha. Hakuna anayeliita prototaipu, lilikuwa la askari, lilikwenda vitani, ila ni la mwanzo, linatambulika kwa macho, na historia yake iko wazi. Ndio na feki zake zimejaa lakini angalau feki unailinganisha na kitu kinachojulikana. Sampo utailinganisha na nini?

Kuna na visu vya mkono vya oda. Hapa neno prototaipu linakuwa jepesi kabisa, fundi anayetengeneza kimoja kimoja kila kisu chake kina tofauti, kwa namna fulani vyote ni sampo. Bob Loveless, Mmarekani aliyefariki 2010, vile vyake vya zamani vya miaka ya 1950 vilivyouzwa New York kwenye duka la Abercrombie & Fitch vina chapa ya Delaware Maid, na vyake vinauzwa maelfu ya dola. Watu wananunua Loveless, hawanunui sampo. Jina likiwa kubwa kiasi hicho, kuongeza neno ni kama kumwagia chumvi baharini.

Ubora sasa. Watu wanashangaa nikisema sampo mara nyingi ni kisu kibaya. Ndio maana ya kujaribu! Bapa linachezacheza, kufuli inakamata upande, skrubu moja nyeusi nyingine nyeupe, na kuna vile vilivyotengenezwa vya kuonyeshwa tu ambavyo chuma hakikutiwa moto kabisa, ukinoa kinapokea makali kama siagi na kinayapoteza kwenye embe la kwanza. Kwa mkusanyaji zile kasoro ni sehemu ya utamu, zinaonyesha walikuwa wanafikiria nini, na ukizirekebisha umeua. Kwa mtu anayetaka pia kukitumia ni hasara, kikivunjika springi huenda haipo popote, maana muundo ulibadilishwa baada yake. Buck 110 inatoka tangu 1964 na bado inatoka, iliyoanza kulegea mafundi wanaijua.

Na kurekebisha, jamani, msirekebishe. Nilikuwa na kisu cha zamani cha Sheffield, Uingereza, chapa ya Joseph Rodgers, ile nyota na msalaba inaonekana safi, nilikipata kwa bibi mmoja Mikindani kimefungwa kwenye kitambaa na nyaraka za mume wake. Mpini umepasuka. Mimi na ujuaji wangu nikakipeleka kwa mchongaji akanitilia mpini wa mpingo, mpingo wa Kilwa, mweusi, umesuguliwa mpaka unajiona sura, na mpingo huu mafundi wa visu wa Marekani na Ulaya wanauagiza kwa hela nyingi kwa mipini yao. Nikajua nimeongeza thamani mara mbili. Mnunuzi alipouona akauliza, mpini wa zamani uko wapi? Nikasema nilitupa. Akanyamaza muda mrefu, halafu akanipa nusu ya alichokuwa ametaja kwenye simu. Na hii kwa sampo inauma zaidi, kwa sababu ile skrubu ya ajabu unayotaka kuibadilisha huenda ndio kitu pekee kinachoonyesha kwamba ni sampo kweli.

Tukiwa kwenye mipini, cha pembe ya ndovu usinunue, hata kiwe cha kwanza duniani na barua ya mfalme. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na nchi za CITES, ule mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, 1989, na kwetu kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, nyara ni nyara. Sisi tunaokaa jirani na mbuga za kusini tunajua hiyo kesi inavyokuwa.

Sasa kuuza. Hili shem hakuliuliza na ndio lingeniuma mimi kama hela ni ya korosho. Ukishika Buck 110 ya mwaka unaojulikana, yenye boksi na ala, ukitaka kuiuza unaangalia nyingine kama hiyo zimeuzwa bei gani, unapunguza kidogo, unauza. Hautatajirika, viko vingi mno, ila bei ina sakafu. Sampo haina wenzake wa kulinganisha, bei yake ni ile ambayo watu wawili wamekubaliana siku hiyo, na hao wawili hawapo Mtwara wala Lindi. Wanunuzi wa vitu hivi wako nje, wachache, wanajuana, wana macho makali kuliko mwewe. Wakiamini, wanaweza kulipa mara kadhaa ya bei ya kisu cha kawaida cha aina hiyohiyo. Wasipoamini wanakupa ya kawaida, na wakihisi umechora mwenyewe hawakupi kitu na jina lako linazunguka. Kati ya hapo na hapo hakuna ngazi, ni kuruka. Jina machinga lenyewe wengi wanasema limetoka kwetu Lindi, biashara tunaijua, mzigo ambao mteja wake humjui sura unaununua kwa bei ya kupoteza tu.

Na hewa yetu hii. Chumvi ya bahari haiulizi kama ni sampo. Kisu cha chuma kinachoshika kutu ukikiacha Shangani miezi miwili bila mafuta unakuta madoa ya kahawia, na ukikihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi ndio mbaya zaidi, ngozi inavuta unyevu na dawa zake za kulainishia zinakula chuma, na shaba inaota ukijani. Ala unaiweka pembeni, kisu pembeni, vyote kwenye boksi moja, mafuta mepesi kila mwezi, usizidishe. Kutu ikishaingia kwenye maandishi ya sampo ukaisugua, umesugua ushahidi wenyewe.

Basi nilimpigia shem kesho yake asubuhi, nikamwambia hivi. Kama yule jamaa ana barua pepe ya huyo bosi, au picha ya bosi na kisu, au hata jina kamili la bosi tumtafute tuulize kampuni, mpe siku saba alete. Akileta na kampuni ikakubali, laki nane ni bei rahisi, hata mimi nitakukopesha uongeze. Asipoleta, hicho ni kisu cha kukunja kilichotumika, hakina boksi, kina mwandiko kwenye bapa, mpe laki moja na nusu na usipande hata buku. Ya Masasi chukua leo hela ikiwa bado ya moto, ila kwanza mwambie mzee akupigie picha ya alama ya mwaka na afungue na kufunga kisu mbele ya simu usikie mlio wa kufuli.

"Shem lakini, kama kweli kiko kimoja duniani?"

"Muulize kama yuko tayari kukuandikia hivyo kwenye karatasi na kusaini, na ikibainika sicho anarudisha hela."

Akaenda kuuliza. Jamaa kasema atamtafuta bosi wake, ana namba yake mahali. Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Jana Buck imeshuka stendi ya Lindi na basi la kutoka Masasi, imefungwa kwenye gazeti na mfuko wa sukari juu yake, shem kanitumia video akiifunga na kuifungua, tak, tak, tak, mpaka mke wake nyuma anasikika akimwambia alete hicho kitu akatie madafu. Nimempigia fasta.